Tunaopamba nyumba kwa vitu vya zamani Dar: nunua mbao, hadithi mwachie muuzaji

#1 Kijana wa Segerea (mleta uzi)

Wakuu, salamu kwenu.

Naandika nikiwa nimekalia kiti cha henzirani ambacho mwezi wa tatu nilikikuta kwa fundi mmoja Buguruni. Kalio lilikuwa limetoboka, vijana wake wanatundikia makoti ya mvua. Nimekinunua 25,000, kukisuka upya kalio ni 60,000. Mama watoto alisema hicho kikiingia ndani yeye anatoka. Sasa hivi ananiuliza nitanyanyuka saa ngapi ili akae.

Lakini nianze na ujinga wangu, maana ndio ulionisukuma kuandika.

Nilipohamia kwangu, sebule ilikuwa na tivii, mkeka na mwangwi. Sikutaka yale masofa ya kung'aa ambayo kila nyumba unayoingia mjini hapa unayakuta. Nikaingia mtandaoni, nikaona sanduku la njumu, lile la misumari ya shaba iliyopangwa maua maua. Muuzaji (simtaji, na msinifuate inbox kumuulizia) akanipa historia nzima: la Mwarabu wa Pangani, lina miaka 150, limepita kwa wake wanne, na mmoja wao alikuwa anafichia dhahabu. Jamaa anajua kusimulia, hilo nampa. Nikatoa laki sita na nusu bila hata kubisha.

Wiki mbili nzima kila mgeni lazima asikie habari za Mwarabu. Ikafika Idi, akaja babu yangu mdogo, seremala mstaafu. Hakuliangalia usoni kabisa. Alisema, "Nishikie huku," tukaligeuza miguu juu. Akakaa kimya. Kisha akaniuliza, "Huyu Mwarabu wako miaka 150 iliyopita plaiwudi alinunua duka gani?"

Chini plaiwudi tupu. Bawaba zimefungwa kwa skrubu za nyota, na skrubu za nyota zimeanza kutumika viwandani miaka ya 1930. Kona zote nne zimechakaa sawasawa, kana kwamba hao wake wanne waligawana kila mmoja na kona yake. Kumbe ni msasa. Rangi ya kahawia imepakwa mpaka ndani ya matundu ya misumari.

Sanduku lenyewe si baya. Babu alilikadiria laki mbili, kazi ya mikono ya fundi wa juzi tu. Hizo laki nne na nusu zilizobaki nilinunulia hadithi.

Tangu siku hiyo sinunui kitu ambacho sijakigeuza. Uso wa kabati unapakwa rangi, unapigwa polishi, unadanganya. Mgongoni na chini ya droo hakuna anayehangaika kudanganya. Kitu kilichotumika kweli kinachakaa pale mkono unaposhika na pale droo inapopita, sehemu nyingine kinabaki kizima.

Karibuni tuelekezane. Wenye picha leteni.

#2 Kinyozi wa Ilala

Nimeshawahi siti ya mbele. Ila mleta mada uzi wa fanicha bila picha ni pilau bila nyama. Tuonyeshe hilo la Mwarabu.

#3 Kijana wa Segerea (mleta uzi)

Hilo silipigi picha mkuu. Limeshanidhalilisha vya kutosha.

#4 Fundi Randa Keko

Mimi ni fundi, niko Keko mwaka wa 19 sasa. Mleta uzi kasema kweli, nimwongezee.

Wateja wengi wanakuja na neno moja mdomoni, mninga. Kila chenye wekundu ni mninga. Siku hizi paini inapigwa rangi ya mninga, inapuliziwa klia (vanishi isiyo na rangi), inapelekwa barabarani, na wewe unaondoka umefurahi. Fanya hivi: vuta droo itoke nzima, uipime uzito mkononi. Halafu omba ukwangue kidogo kwa wembe sehemu ya nyuma isiyoonekana. Mninga ukikwangua rangi inaendelea ndani. Iliyopakwa ukikwangua unakutana na weupe. Muuzaji akikataa usikwangue hata kidogo nyuma kabisa, hapo ameshakujibu.

Vitu vya zamani vya hapa kwetu utakuta ni mninga, mvule, mkongo au msaji. Mkongo ni mzito, bisibisi inalia. Mvule ukiwa mpya una umanjano, unavyozeeka unakolea kuwa kahawia, kwa hiyo kabati la mvule likiwa limekolea nje lakini ndani ya kiungo bado lina umanjano, huo ni uzee wa kweli. Msaji una mafuta mafuta ukiugusa na mchwa haupendi. Lakini mbao yoyote kati ya hizo ikiwa imekatwa na ule weupe wa pembeni wa mti, wadudu watakula weupe na kuacha moyo. Msiseme "mninga haulikwi". Moyo wa mninga ndio mgumu, ngozi yake inaliwa kama mkate.

Matundu madogo yasiwakimbize. Tundu linaweza kuwa la zamani na mdudu alishaondoka. Gonga mbao, weka karatasi nyeusi chini, acha mpaka asubuhi. Ukikuta unga mpya, mdudu bado yumo, usiingize ndani na vitu vyako vingine mpaka kitibiwe. Na tafadhali, habari ya kupaka oili chafu ya gari muache. Nje kwenye nguzo sawa, kabati la nguo litanukia gereji mpaka unaingia kaburini.

Moja ya mwisho, hii aliniachia mwalimu wangu. Meza ya duara ya mbao nzima ikizeeka haibaki duara. Mbao inasinyaa kwa upana, kwa urefu haisinyai kihivyo. Chukua futi, pima kufuata nyuzi za mbao, kisha pima kukatiza. Meza ya miaka mingi itakuwa fupi kidogo upande wa kukatiza. Ikiwa sawasawa kama sahani na muuzaji anasema ni ya enzi za Mjerumani, mpe mkono muagane.

#5 Chaurembo

Fundi umeshusha nondo. Kumbe hata meza ina cheti cha kuzaliwa.

#6 Mama wa Mission Kota

Nyie watoto mna ujasiri. Kioo cha mtu usiyemjua, kitanda cha mtu usiyemjua, sanduku la mtu usiyemjua, mnaingiza ndani mnalala nacho. Vitu vya kale vina wenyewe. Jirani yangu alinunua kioo kikubwa cha fremu ya mbao, mtoto akawa kila usiku analia akiangalia kule. Kikatolewa, mtoto akalala. Mkinicheka sawa.

Ila nina swali. Mimi ninalo sanduku la njumu la marehemu bibi yangu, alikuja nalo Dar akiwa mwari. Linakaa chumbani, nimeweka mashuka. Kitasa kimegoma, mguu mmoja umeliwa. Binti yangu anataka nilitupe aweke kabati la vioo. Nifanyeje?

#7 Kijana wa Segerea (mleta uzi)

Shikamoo mama. Kwanza usilitupe! Pili usimwite muuzaji yeyote aje kuliangalia, hata kama ni mtu wa msikitini kwenu.

Ya majini sibishani nawe. Mimi kila kinachoingia ndani nakifukizia udi. Kama kuna mwenyewe tunasalimiana, kama hayupo nyumba inanukia.

#8 Mtoto wa Darajani

Niwasahihishe kidogo watu wa Bara, kwa upendo. Mnasema "sanduku la Kizanzibari" kama vile yote yalichongwa Unguja. Mengi ya zamani yalikuja na majahazi kutoka India kwa upepo wa kaskazi, na mafundi wa kwetu nao wakatengeneza kwa mtindo huo mpaka leo. Kwa hiyo kutengenezwa Zanzibar si dosari na kutoka India si ughushi. Dosari ni kuuziwa la mwaka jana kwa bei ya la babu.

Mama wa Mission Kota, fungua sanduku lako, angalia ubavuni kwa ndani. Mengi ya kale yana kijisanduku kidogo cha kuwekea vitu vya thamani, na mara nyingine chini yake kuna droo ya siri. Usilazimishe kwa bisibisi, papasa taratibu.

Halafu wenzangu, sebule si sanduku tu. Mnapishana na vitu majumbani kwenu havina kazi: mrashi, chetezo, dele la kahawa, upatu wa shaba, marufaa ya kuwekea msahafu, kawa za ukili za kufunikia chakula, mbuzi ya nazi ya zamani yenye kiti cha kuchonga. Kawa tano za rangi ukizipanga ukutani huhitaji picha ya maua ya Kichina. Na wenye samadari ya bibi, kile kitanda cha nguzo za kutundikia besera, msikate nguzo kwa sababu feni inagusa. Sogezeni feni.

#9 Chaurembo

"Sogezeni feni" nimecheka peke yangu kwenye mwendokasi.

#10 Mzee wa Vifungu

Naona raha zimenoga, niwape la kisheria kabla mtu hajaumia.

Huku Bara tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Mlango au fremu ya mlango ya kuchongwa ya kabla ya mwaka 1940 ni kitu kinacholindwa. Zana na vitu vya kijadi vya makabila yetu navyo sheria hiyo inavigusa. Fremu hiyo si bidhaa ya kuuziana kienyeji, na kuitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Kwa hiyo akija mtu na fremu ya mlango "imetoka gofu moja Bagamoyo, weka kioo juu uifanye meza", usimpongeze kwa ubunifu. Muulize kibali. Na hilo gofu sasa limebaki na tundu.

Pembe za ndovu ndiyo kabisa. Kisanduku chenye vipande vyeupe vimepachikwa, bangili, kitana cha gamba la ng'amba, acha pale pale hata kama ni cha bure.

Pia mali ya wizi. Unaponunua kabati kwa mtu anayehama, andikishianeni karatasi, mjumbe aweke sahihi. Gharama yake ni soda.

#11 Kinyozi wa Ilala

Mzee unatutisha. Na zile meza za ofisi za mkoloni zenye chapa? Nimeona mtu anazo nne.

#12 Kijana wa Segerea (mleta uzi)

Ninayo moja, nieleze ilivyokuja.

Kampuni moja ilikuwa inafunga ofisi, dalali akatangaza mnada. Nilienda kutafuta viti. Pembeni kwenye varanda kulikuwa na meza imepakwa rangi ya kijivu ya geti, juu yake wamepanga makopo. Nikainama (siku hizi nikiingia hata kwa mkwe nainama) nikavuta droo. Ndani rangi haikufika: mvule, umekolea kama kahawa. Chini ya droo imegongwa chapa EAR&H. Hiyo ni Reli na Bandari za Afrika Mashariki, shirika lililokuwepo kwa jina hilo kuanzia 1948 mpaka 1969. Kwa hiyo hapa sihitaji Mwarabu wala dhahabu, umri umeandikwa.

Nilishinda kwa 180,000 kwa sababu hakuna aliyetaka meza ya kijivu. Kirikuu (kigari cha kubebea mzigo) 40,000. Kuibandua rangi ilichukua fundi siku nne, 120,000. Na Mzee wa Vifungu, risiti ya mnada ninayo, nimeibandika chini ya meza yenyewe. Chapa ya serikali au shirika la umma bila karatasi ya mnada ukikamatwa nayo ujieleze vizuri.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba bei ya kununua ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kirikuu, fundi, na amani ya nyumbani.

#13 Dada wa Mbezi

Jamani mbona hamsemi kuhusu sofa? Nilinunua sofa la mtumba "kutoka Uingereza", zuri, kitambaa cha maua, laki tatu na nusu. Siku ya nne watoto wanajikuna. Kunguni! Walishapita mpaka vyumbani. Nilichotumia kupuliza dawa ningenunua sofa jipya na chenji ingebaki.

#14 Fundi Randa Keko

Pole dada. Sofa la mtumba unanunua fremu na springi, basi. Hesabu kabisa kwamba kitambaa na sponji vinatupwa, tena vinatolewa nje ya geti, si uani. Fremu inamwagiwa maji ya moto sana kwenye kila kiungo na kila tundu la msumari, inakaushwa, ndipo inavalishwa upya. Kabla ya kulipa, pitisha tochi kwenye mishono na chini pale penye kitambaa cheusi. Ukiona vidoa vyeusi kama ncha za kalamu, rudi kwenu.

Kama hesabu hiyo ukijumlisha inazidi sofa jipya la mninga, njoo Keko. Si kwa sababu ni kwangu (kidogo ni kwa sababu hiyo).

#15 Chaurembo

Swali la shaba. Nimepata upatu na taa ya karabai, nazisafishaje? Jamaa yangu anasema ndimu na chumvi.

#16 Mtoto wa Darajani

Kwanza pitisha sumaku. Ikinasa, hiyo si shaba, ni chuma kimepakwa. Kama ni shaba, ndimu na chumvi zinafanya kazi, ukwaju pia. Ila tindikali haina rafiki: ukipaka sugua, suuza maji mengi hapo hapo, kausha. Ukiiacha ukaenda kupika, unakuta mabaka. Na kwenye nakshi usisugue kila wiki, nakshi inalika. Upatu wa bibi yangu ulikuwa na maandishi, sasa una kivuli cha maandishi, sababu shangazi alipenda kung'arisha.

Mimi napenda uking'aa uso tu, uchafu ubaki kwenye mistari. Ndio unaonyesha maua.

#17 Kinyozi wa Ilala

Na gramafoni zile za baragumu la shaba? Nimeona moja, laki nane, inaimba kabisa.

#18 Kijana wa Segerea (mleta uzi)

Ogopa. Nyingi ya zile zinazong'aa ni za kuunganishwa juzi: mashine kuukuu ya aina nyingine, boksi jipya, baragumu jipya. Ni pambo sawa, lakini lipa bei ya pambo. Kwa laki nane mimi ningechukua cherehani ya Singer ya kukanyaga, miguu ya chuma cha kusubu, na chenji ingebaki ya kununulia vitambaa. Ile ina namba ya usajili imegongwa mwilini. Ikianza na herufi mbili ya kwanza E, imetoka kiwanda chao cha Clydebank, Uskoti. Namba haisimulii hadithi za Pangani.

Ila msing'oe kichwa mkaweka marumaru juu ya miguu kama hoteli zinavyofanya, kama mashine bado inashona. Hii ni yangu binafsi, wengine watakataa. Mama yangu alitusomesha kwa mashine hiyo, nikiona imekuwa meza ya bia roho inaniuma.

#19 Dada wa Mbezi

Na vinyago? Nataka vya mpingo, vya zamani.

#20 Fundi Randa Keko

Cha mpingo kikitumbukizwa kwenye ndoo ya maji kinazama. Kilichopakwa kiwi ya viatu kinaelea, na ukikisugua na kitambaa chenye maji kinakuachia weusi mkononi. Mpingo halisi pia mara nyingi una kipande cha umanjano pembeni, ngozi ya mti. Huo "uzamani" wasikuuzie, kinyago kinafukiwa ardhini miezi miwili kinatoka kizee. Nenda Mwenge pale kwa wachongaji wenyewe, nunua kipya kizuri, kizeekee kwako.

#21 Chaurembo

Hivyo hivyo na picha za Tingatinga. Mwenyewe Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora kama mwaka 1968 na akafariki 1972. Miaka minne! Lakini zenye sahihi yake ninazotumiwa WhatsApp zingejaza gati mbili za bandari. Nunueni kwa wachoraji walio hai pale Oysterbay, mtajua jina la aliyechora na atawapigia simu Idi.

#22 Mama wa Mission Kota

Nimerudi. Kijisanduku cha ubavuni kipo kweli, sikuwahi kujua, miaka yote naweka mashuka juu yake. Droo ya siri hakuna, nimepapasa mpaka vidole vinaniuma. Ndani kulikuwa na senti kumi ya tundu ya mwaka 1952, ile yenye pembe mbili, na vifungo.

Sasa fundi wa Keko, huo mguu na kitasa?

#23 Fundi Randa Keko

Shikamoo mama. Kitasa usiruhusu mtu abadilishe, nitakifungua nikisafishe, mara nyingi ni kutu na vumbi, hewa ya bahari hii. Mguu nitakata palipoliwa tu niunge mbao ngumu, usichonge mguu mzima mpya. Msasa wa mashine usiguse. Nitalipangusa na maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, likikauka nta, basi.

Kifuniko kama kinakaza, tusikirande sasa. Masika mbao imevimba, ukiranda leo, mwezi wa nane kitapwaya. Paka mshumaa kwenye ukingo, subiri. Na lisiegemee ukuta, acha nafasi ya vidole viwili, huko ndiko mchwa wanakopandia.

Jumamosi nakuja na mkoba wangu, usilete kirikuu. Sanduku la zamani likisafiri ndio linavunjika.

#24 Kijana wa Segerea (mleta uzi)

Mama, akimaliza tupe mrejesho. Na kama siku moja binti akishinda...

#25 Mama wa Mission Kota

Hashindi. Na wewe usianze.

#26 Mama wa Mission Kota

Mrejesho. Fundi amekuja, 45,000 pamoja na mbao. Kitasa kinalia vizuri, ukizungusha ufunguo kinapiga kengele kidogo, bibi alisema ni ili mwizi asikike, nilidhani alikuwa anatutisha watoto. Binti kapiga picha kaweka status, sasa rafiki zake wanauliza limenunuliwa wapi.

Mleta uzi, na lile la Mwarabu?

#27 Kijana wa Segerea (mleta uzi)

Liko mlangoni mama. Tunawekea viatu.